Kiraka cha Wakuba: namna tundu liligeuka pambo

Mu miji yetu kiraka ni haya. Mtoto akienda ku masomo na suruali yenye kiraka ku goti, wenzake wanamcheka. Fundi naye akikosea kukata kikwembe cha mteja, jasho linamtoka, maana makasi ikisha kupita hakuna dawa ya kurudisha uzi. Ataficha kosa, ao atatafuta mbio kipande kingine sokoni mbele mwenye nguo hajafika. Lakini iko kabila moja la Kongo yetu lililotazama tundu mu kitambaa kwa jicho lingine. Hao ni Wakuba wa Kasai, na tunataka hapa tuseme kidogo juu ya kazi yao.

Wakuba wanakaa katikati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua. Jina lenyewe walipewa na majirani zao Waluba; wao kila kundi liko na jina lake: Bushoong, ambao ni kundi la wafalme, Ngeende, Shoowa na wengine. Mji wa mfalme ni Nsheng, tuliozoea kuita Mushenge, mu teritware ya Mweka. Wazee wa kule wanasimulia ya kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, njo aliyeleta ufundi mwingi kutoka upande wa magaribi, na kazi ya rafia ikiwa ndani yake.

Rafia inatoka ku mti wa mwale. Wanakata majani machanga, wanavua ngozi yake, wanaipasua kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hazisokotwi, wala hawaziungi moja ku ingine. Njo maana kitambaa hakiwezi kupita urefu wa jani: kipande kimoja hakifiki hata mita moja. Wanaofuma ni wanaume. Kikitoka ku mtambo, kitambaa kiko kigumu kama mkeka, hakuna mtu wa kukivaa. Inafaa kukilainisha: wanakilowesha, wanakisugua, wanakitwanga mu kinu.

Hapo njo matata yanaanza. Mchi unaolainisha ndio unaotoboa. Nyuzi zinakatika, tundu linatokea, pengine mawili, pengine matano. Mshonaji afanye nini? Akitupa, anatupa kazi ya siku nyingi: ya aliyepanda mti, aliyepasua nyuzi, aliyefuma, aliyetwanga. Akiacha, tundu litapanuka. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi anakata kipande cha rafia, anakunja pembe zake ndani juu rafia inafumuka upesi, anakiweka pale ku tundu na kukishona.

Lakini kiraka kimoja peke yake kinaonekana kama kidonda. Kila anayepita atakiona na kuuliza. Kwa hiyo mshonaji anaweka kingine pembeni, pahali pasipo tundu, na cha tatu mbele kidogo, mpaka macho ya mtu yaanze kufuata mstari. Kimoja ni duara, kingine kinafanana na herufi L, kingine kimepinda kama njia ya msitu. Ukimaliza kutazama, hujui tena ni kipi kilichotangulia. Tundu halikufichwa, limepewa wenzake.

Tusidanganyane: si kila kiraka cha Wakuba kiko na tundu chini yake. Watu waliochunguza nguo hizi wanaona ya kuwa kuziba tundu kulikuwa mwanzo, kisha ikawa desturi, na mwisho ikawa sanaa yenye kujitegemea. Mu nguo nyingi viraka viko juu ya kitambaa kizima kabisa. Lakini njo hilo tunalotaka kuonyesha: dawa ya kosa ilipendwa mpaka watu wakaitumia hata pasipo kosa.

Tena nguo yenyewe si kazi ya mtu mmoja. Ntshak, nguo ndefu ya wanawake, inaweza kufika mita kadhaa. Mvaaji anaizungusha mara nyingi ku kiuno. Nguo ya wanaume, mapel, iko ndefu zaidi. Wanawake wanashona zao, wanaume wanashona zao. Mu ntshak moja mikono ya wanawake wengi wa jamaa inakutana, na vipande havitoshani sawasawa. Wanaviunganisha hivyo hivyo, na jicho linazoea.

Na hii si nguo ya maskini. Ilivaliwa ku baraza la mfalme na ku ngoma kubwa. Zaidi ya yote ilivalishwa wafu. Wakuba walisema ya kwamba mtu asiyezikwa na nguo ya rafia, wababu hawatamtambua kule anakokwenda. Hata waliovaa nguo za Ulaya maisha yao yote walitaka kuzikwa na rafia. Kazi ya viraka, basi, ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mtu mbele ya wazee wake.

Wageni nao waliipenda. William Sheppard, mmisionere Mwamerika mweusi, alifika ku mji wa mfalme mu mwaka 1892, na vitu alivyokusanya viko mpaka leo Hampton, Virginia. Emil Torday alifika mu 1908, akapeleka vingi British Museum ya London. Mu Ufaransa, mchoraji Henri Matisse alitundika nguo za Wakuba ku ukuta wake. Walipenda mapambo, na haki yao. Lakini nguo iliyotundikwa ku ukuta haionyeshi mgongo wake, na mgongoni njo kunaonekana tundu.

Kwa wamama wetu wanaoshona mablanketi kwa vipande vinavyobaki kwa fundi, somo ni hili. Ukikosea kukata, usikimbilie kutupa. Kata kiraka kikubwa kuliko kosa, kunja pembe, shona. Kisha rudia umbo lile lile mara mbili ao tatu pengine, ili kosa lisibaki peke yake. Kipande kikiwa kifupi, ongeza mkanda wa rangi ingine, na fanya vilevile upande wa pili.

Liko kosa moja la makasi ambalo halina kiraka. Wachuuzi wengine wamekata ntshak za zamani vipande vipande, juu kipande kidogo kinauzika upesi kwa mgeni kuliko nguo nzima. Mita zile zilizounganishwa na mikono ya jamaa moja zimetawanyika ku kuta za watu wasiojuana. Ukibahatika kukutana na ntshak nzima mu nyumba ya wazee, usiulize bei yake. Omba ruhusa, igeuze polepole, utafute tundu liko wapi. Na uulize ni nani alilishona, mbele jina lile nalo halijapotea.