Mlinzi wa Kumbukumbu za Ofisi

Katika nchi iliyo kati ya Kitale na Bungoma, karibu na mji wa Webuye, pana mahali paitwapo Matulo. Ni nchi ya mahindi na miwa, wala mgeni apitaye hatadhani kuwa pana habari za kompyuta. Walakini kijana wa hapo, akisoma na kupata kazi katika ofisi ya mjini, aweza kukabidhiwa amana kubwa kuliko ufunguo wa sanduku la fedha: kompyuta zote za ofisi, na siri zilizomo. Jina la kazi hiyo ni jipya, lakini asili yake ni ya zamani. Fuatana nami tuitazame.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine iliondoka Nakuru, ikafika Eldoret mwaka 1924, ikapita Webuye, palipoitwa wakati ule Broderick Falls, hata ikafika Kampala mwaka 1931. Waya wa simu ulifuatana na reli, na makarani wa stesheni walipelekeana habari kwa nukta na vistari vya Morse. Njia ilikuwa moja, na garimoshi za pande mbili ziliweza kupishana stesheni tu. Habari ikikosewa, watu wangekufa. Basi karani yule hakuwa mwandishi tu; alikuwa mlinzi wa roho za watu asiowaona.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, ofisi zilihitaji wananchi wenye ujuzi uliothibitishwa. Mwaka 1969 iliundwa KASNEB, bodi ya kuwatahini wahasibu na makatibu, ambayo baadaye iliongeza mitihani ya kompyuta. Kompyuta za kwanza zilikuwa zimekwisha kuingia nchini katika miaka ya 1960, kubwa kama makabati. Mwaka 2009 nyaya mpya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilitua Mombasa. Mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi. Hapo kwanza makao ya mkoa wa Bungoma yalikuwa Kakamega, na ya mkoa wa Kitale yalikuwa Nakuru. Sasa kila mmoja wa miji hii miwili ukawa makao ya kaunti yake, wenye mishahara, leseni na hesabu za kutunza. Ndipo mlinzi wa kompyuta alipohitajiwa karibu na nyumbani.

Huenda ukauliza, kazi yake ni nini? Asubuhi hutazama kama nakala ya akiba ya jana ilifanyika, kisha hujaribu kuifungua, maana nakala isiyofunguka ni sawa na ghala tupu lenye kufuli. Mfanyakazi mpya humpa nenosiri. Aliyeacha kazi humfungia mlango siku ile ile. Alasiri ya mvua, radi ipigapo na umeme ukatikapo, yeye hukimbilia betri ili mashine zizimwe kwa taratibu. Mambo yakienda vema, hapana amkumbukaye. Yakiharibika, kila mtu humwita.

Usiku hugeuka mwanafunzi. Kampuni ya Cisco ya Marekani ilianzisha mwaka 1998 cheti kiitwacho CCNA, cha ujuzi wa mitandao, nacho hutambuliwa katika nchi nyingi. Mtahiniwa hupewa, kwa mfano, anwani 256 azigawe kwa idara nne. Kila idara hupata 64, lakini zitumikazo na mashine ni 62, kwa kuwa ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, na ya mwisho ni ya kuziita mashine zote pamoja. Asiyejua hivyo hufanya makosa na ofisi nzima hunyamaza. Tena cheti hicho hudumu miaka mitatu tu. Mwenye nacho asipojifunza zaidi, hukoma. Si kama cheti cha shule kinachotundikwa ukutani maisha.

Lakini sikiliza neno moja ambalo mtihani hauwezi kulipima. Siku moja mkubwa aweza kumjia mlinzi huyu kwa sauti ya upole, akamwomba amfungulie barua za mwingine, au abadili tarehe katika kumbukumbu. Hapana msimamizi wa mtihani chumbani, wala hapana atakayejua. Ujuzi wake wa mchana na wa usiku wote waweza kutumika kutenda ubaya huo kwa wepisi. Akikataa, aweza kuchukiwa. Akikubali, ofisi haina mlinzi tena, ingawa kiti chake kina mtu.

Karani wa stesheni aliaminiwa na abiria waliolala garini usiku. Mlinzi wa leo huaminiwa na mama wa Matulo ambaye jina lake na leseni ya duka lake vimo katika mashine asiyoiona kamwe. Wewe usomaye leo, utafutapo cheti, kitafute kwa bidii. Lakini tangu sasa jizoeze kulinda kilicho cha mwenzako hata pasipo mtu wa kukutazama.