Makorongo ya Irangi na Ushahidi wa Picha za Angani

Vilima vya Irangi, vilivyomo wilayani Kondoa katika mkoa wa Dodoma, ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki ambazo udongo wake umechunguzwa kwa muda mrefu zaidi, na kilichowavuta wachunguzi ni makorongo, yaani mifereji mirefu yenye kingo wima ambayo maji ya mvua huichimba ardhini mpaka jembe likashindwa kuifukia. Udongo wa kichanga ulioporomoka kutoka vilimani kwa maelfu ya miaka umerundikana miguuni mwa vilima hivyo, na udongo wa namna hiyo ukishavuliwa majani na miti hukatika upesi. Mvua za kati ya Novemba na Aprili hunyesha kwa vishindo. Maji hujikusanya katika mapito ya ng'ombe na vijia vya waendao kwa miguu, hupata mteremko, kisha huanza kuchimba. Penye kichwa cha korongo, ambapo maji huanguka kutoka ardhi ya juu hadi sakafu ya mfereji, hutokea shimo linalokula ukingo kwa chini, ukingo ukabaki unaning'inia, na hatimaye ukameguka. Ndivyo korongo linavyopanda kilima, kinyume cha mwendo wa maji yanayolichimba. Mchanga uliotolewa huko juu hutanda mabondeni, ukaunda mito mipana ya mchanga mtupu ambayo hubeba maji siku chache tu za mwaka, na mashamba yaliyo kando yake huzikwa.

Hali hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa wakati utawala wa Waingereza ulipoanza kuishughulikia kati ya vita viwili vya dunia. Maofisa wa kilimo na mifugo waliamini kwamba chanzo chake ni Warangi, wenyeji wa Irangi, waliokuwa wengi mno vilimani na wenye mifugo mingi kupita uwezo wa malisho, ingawa walijua pia kwamba mbung'o waliotawala mapori ya nyanda za chini waliwazuia watu kutawanyika. Kutokana na imani hiyo zikaja kazi za kufyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o, kuwahamishia watu nyanda za chini, kuchimba matuta ya kukinga maji na kupunguza mifugo. Hatua kadhaa kati ya hizo zilikuwa na manufaa, lakini hukumu iliyozibeba ilitolewa kabla ya ushahidi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kwa hakika korongo fulani lilianza lini wala lilikuwa likisogea kwa kasi gani. Ofisa alikuta korongo na akakuta ng'ombe mahali pamoja, akaviunganisha kuwa sababu na tokeo.

Ushahidi wa kuhesabika ulianza kupatikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa ramani za makoloni chini ya Martin Hotine, na Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la nchi hiyo, kikitumia ndege za Lancaster zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya kuangusha mabomu, kikapewa kazi ya kupiga picha maeneo makubwa ya Afrika Magharibi na Mashariki. Lengo lilikuwa ramani, wala si udongo. Hata hivyo kila filamu iliyopigwa ilihifadhi pia sura ya ardhi kama ilivyokuwa siku ile, pamoja na mashamba, mapito, vichaka na makorongo yake, na kwa sababu hiyo kazi iliyofanywa kwa haja ya utawala imewafaa wanahistoria wa mazingira kuliko taarifa nyingi zilizoandikwa na maofisa wenyewe.

Namna ya kuzisoma picha hizo yahitaji kuelezwa. Ndege huruka kwa mistari iliyo sambamba, na kamera iliyoelekezwa chini hupiga kwa vipindi vilivyopangwa ili kila picha irudie kiasi cha asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Picha mbili zinazopishana hivyo huwekwa chini ya stirioskopu, chombo chenye lenzi mbili kinacholiwezesha kila jicho kutazama picha yake, na ubongo ukiziunganisha, ardhi huinuka ikawa na vilima na mabonde. Katika sura hiyo kina cha korongo hukuzwa kuliko kilivyo, jambo linalomsaidia msomaji kuvitambua vichwa vya makorongo ambavyo katika picha moja vingedhaniwa kuwa vivuli. Upimaji hutegemea uwiano: kamera yenye lenzi ya milimita 150 ikipiga kutoka kimo cha meta 6,000 hutoa picha ya 1:40,000, ambamo milimita moja ni meta 40 za ardhi, na korongo lenye upana wa meta 8 huwa mstari wa milimita 0.2. Makosa madogo ya macho au ya karatasi iliyonywea yanaweza basi kugeuka meta kadhaa za mmomonyoko usiokuwapo. Ili kujihadhari, mchunguzi huchagua alama zisizohama, kama vile miamba, njia panda na mibuyu, akazitumia kuoanisha picha za miaka tofauti kabla ya kudai kwamba kichwa cha korongo kimesogea.

Kazi hiyo ilifanywa kwa utaratibu wa kitaalamu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, pale wanajiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliposhirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Karibu na mji wa Dodoma walichunguza vidakio vinne, yaani maeneo ambayo mvua yake yote hutiririkia bwawa moja, vya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Picha za angani ziliwaonyesha yanayotokea juu ya ardhi, na mashapo yaliyotuama ndani ya mabwawa yakawaonyesha kiasi cha udongo kilichoondoka. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972 yalikuwa na funzo ambalo bado halijaenea inavyostahili: makorongo yalikuwa ya kutisha machoni, lakini sehemu kubwa ya udongo iliondoka kwa mmomonyoko wa tabaka, ambao ni kuoshwa kwa ngozi nyembamba ya ardhi juu ya uwanda mpana bila kuacha mfereji wowote. Picha inayolifichua korongo vizuri kiasi hicho humvuta msomaji wake kulihesabia makosa mengi kuliko liliyoyatenda.

Serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na katika vilima vya Irangi ukatenga eneo lililomomonyoka la kilometa za mraba 1,256. Mwanzoni mradi ulitumia mashine kuchimba makingamaji, ukapanda miti na kuziba makorongo. Kisha mwaka 1979 ikatolewa amri ya kuondoa mifugo yote katika eneo hilo, na makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakapelekwa nje ya mipaka yake. Kwa upande wa uoto matokeo yalionekana mapema, kwa kuwa nyasi na vichaka vilirudi penye vipara, mito ya mchanga ikajibana katika njia nyembamba, na sakafu za baadhi ya makorongo zikatulia kiasi cha kulimwa. Gharama yake haikuonekana katika picha yoyote: nyumba zilipoteza maziwa na samadi, na mifugo haikuruhusiwa kurudi mpaka ulipoingizwa ufugaji wa ndani, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Uzito wa gharama hiyo ndio unaoyapa umuhimu maswali yaliyoendelea kuulizwa na watafiti, miongoni mwao Carl Christiansson wa Sweden na Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechunguza kidakio cha Mwisanga katika vilima hivyo. Iwapo korongo lilikwisha kuwapo katika picha ya kwanza kabisa, picha haiwezi kumshitaki mfugaji wa mwaka 1979 kwamba ndiye aliyelianzisha. Inachoweza kuthibitisha ni kama katika miaka iliyofuata lilipanuka, lilitulia au lilijifunga. Umri wenyewe ilibidi utafutwe chini ya ardhi. Mwaka 2000 Maria Eriksson na wenzake walichapisha vipimo vya chembe za mchanga, vinavyofanywa kwa kukadiria muda uliopita tangu chembe hizo zilipopata mwanga wa jua mara ya mwisho, na vikaonyesha vipindi viwili vikubwa vya kuporomoka kwa udongo wa Irangi: kimoja kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita, wakati hali ya hewa ilipokuwa ikibadilika, na kingine ndani ya miaka 900 iliyopita, kinachohusishwa na ukulima na ufyekaji wa misitu. Mkono wa binadamu basi umo, ila ni wa vizazi vingi, tangu karne nyingi kabla ya maofisa waliomwona mchungaji mmoja na kundi lake kando ya ukingo.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972, haikusaidia sana katika suala hili, maana kila nukta ya picha yake ilifunika takriban meta 80 za ardhi na makorongo mengi yalipotea ndani yake. Ndiyo maana filamu za zamani zinaendelea kutafutwa, kuchanganuliwa kwa kompyuta na kugeuzwa kuwa ramani za miinuko zinazoweza kulinganishwa na picha za droni za siku hizi. Kazi iliyobaki ni kubwa hasa nje ya vilima. Ndege za upimaji ziliruka miaka mingi kabla ya mipaka ya HADO kuchorwa, na hazikuwa na sababu ya kuifuata, ilhali watafiti wengi wameelekeza macho ndani ya zile kilometa za mraba 1,256. Nyanda za chini zilizopokea mifugo iliyoondolewa mwaka 1979 nazo zina makorongo yanayopaswa kupimwa, kijiji kwa kijiji na mwaka kwa mwaka, kabla hesabu ya faida na hasara ya hatua ile haijafungwa.