Farasi wa Injini na Tope la Mbuga

Katika gereji za Kahama, Geita na Shinyanga mjini kuna ombi moja ambalo mafundi wamekwisha kulizoea: "Fundi, niongezee nguvu." Mwenye Landkruza anataka ifungwe turbo. Mwenye Probox ya abiria anataka springi ngumu zaidi ili apakie watu zaidi. Kijana aliyeuza dhahabu yake jana anataka ekzosi iungurume mpaka Nyankumbu nzima ijue kwamba amepita. Fundi hakatai, kwa kuwa naye ana watoto wa kulisha. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiingia gereji na kusema: "Fundi, niongezee mshiko." Na hapa simaanishi mshiko ule wa mfukoni, ambao kule machimboni kila mtu anauomba usiku na mchana. Nasema mshiko wa tairi juu ya ardhi.

Leo napenda tuitazame historia ya kunoa magari katika Afrika Mashariki yetu, maana nguvu na mshiko ni ndugu wawili ambao hawakupendana siku zote, na ugomvi wao umegharimu mali na roho za watu.

Tuanze na udongo. Wakulima wa Usukuma waliupa udongo wao majina zamani, kabla gari la kwanza halijaonekana. Juu, karibu na yale mawe makubwa ya matale, kuna luseni, mchanga mwepesi unaomwagika chini ya kwato. Ukishuka unakuta itogolo, kisha ibushi, na chini kabisa bondeni ndiyo mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, aliueleza ulimwengu mpangilio wa namna hii, kutoka kilimani hadi bondeni, akauita katena, yaani mnyororo. Neno hilo linafundishwa vyuoni mpaka leo. Dereva wa lori la Shinyanga hakuhitaji chuo. Alijua kwamba katika mwendo wa maili chache atavuka ardhi ya namna tatu au nne, na kila moja inataka adabu yake. Mchangani ulipunguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana. Mbugani ulitaka tairi jembamba lenye meno marefu, linalojisafisha tope kila linapozunguka.

Mbuga ikikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Ikinyeshewa hufura, ikawa sabuni juu na gundi chini. Hapo ndipo injini yenye nguvu ilipokuwa balaa. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, gurudumu linazunguka pale pale, linajichimbia kaburi, na gari linakaa juu ya tumbo lake. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928 ikipita Shinyanga, lakini pamba haikuota kando ya reli peke yake. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, haukuwa na reli. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 katikati ya uwanda huo huo. Vyote vilingoja malori, na malori yalingoja jua. Lililozama lilitolewa na ng'ombe wa jirani, tena kwa malipo.

Madereva wale walijua siri moja ambayo vijana wa turbo wameisahau: lori lenye shehena hupanda mahali ambapo lori tupu hushindwa. Shehena inakandamiza ekseli ya nyuma, ambako ndiko nguvu ya injini inakofikia, na tairi linauma ardhi. Lori tupu lina nguvu ile ile ya injini, ila halina uzito wa kuibana chini. Kwa hiyo mshiko ni uzito ulio juu ya gurudumu linalovuta, ukichanganya na ubora wa tairi na hali ya ardhi. Mengine yote ni mapambo.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili haukuandikwa Shinyanga, bali katika mashindano ya magari yaliyopita juu ya mfinyanzi huo huo mweusi katika nchi zetu tatu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye yakawa ya msimu wa Pasaka, wakati wa masika. Waandaaji hawakuchagua mvua kwa bahati mbaya. Tope ndilo lililokuwa mwamuzi.

Sasa sikiliza ni gari gani lilishinda mwaka 1954, ushindi wa kwanza wa jumla katika historia ya mashindano hayo. Halikuwa gari la kifahari. Lilikuwa Volkswagen, ile tuliyoizoea kwa mgongo wake wa kobe, likiendeshwa na Vic Preston akiwa na D. P. Marwaha. Injini yake ya lita 1.2 haikufikisha nguvu za farasi 40. Lakini injini hiyo ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayovuta. Mwaka 1956 akashinda Eric Cecil kwa DKW, kigari chenye injini ya silinda tatu isiyofika hata lita moja. Hicho nacho injini yake ilikaa mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta. Mmoja mkia, mwingine pua, lakini kanuni ni moja: uzito ulikaa mahali pa kazi. Volkswagen ikarudia tena mwaka 1957 na mwaka 1962, huku magari yenye nguvu mara mbili au tatu yakiachwa bondeni yakilia.

Wenye magari ambayo injini ilikuwa mbele na mvuto nyuma walibidi watafute hila, na hila yao inachekesha mpaka leo. Walifunga vishikio kwenye buti na kikanyagio kwenye bampa ya nyuma. Gari likianza kuteleza, msaidizi wa dereva aliruka nje, akasimama pale nyuma na kurukaruka kama mtu anayetwanga mtama, ili mwili wake uwe shehena. Bingwa wa kimataifa, kofia kichwani, amegeuka gunia la pamba!

Mwaka 1965 walishinda Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wazaliwa wa Kenya, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mabaki ya timu ya kiwanda iliyokuja mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi. Aliijua kila nati ya gari lile kwa sababu alilifungua na kulifunga kwa mikono yake. Mwaka 1966 na 1967 ikawa zamu yetu: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Gari hilo lilikuwa na injini ya lita 1.6 ambayo kutoka kiwandani haikufika farasi 100. Peugeot hiyo hiyo, mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ilikuwa imeshinda mwaka 1963, na ikashinda tena mwaka 1968. Katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Hebu fikiria, magari 7!

Wageni kutoka Ulaya walikuja kila mwaka na magari yaliyonolewa kwa wino wa wahandisi, na kila mwaka walirudi na mizigo ya vyuma vilivyovunjika. Iliwachukua hadi mwaka 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Finland, kwa Ford Escort, akawa dereva wa kwanza asiye mkazi wa Afrika Mashariki kuchukua ushindi. Takriban miaka ishirini! Wenyeji hawakuwashinda kwa farasi. Waliwashinda kwa kuinua tumbo la gari, kuliwekea bamba la chuma chini ya injini, kuimarisha springi pale tu zinapovunjika, na kujua ni bonde lipi linapitika saa ngapi baada ya mvua.

Baadaye likaja jaribio kubwa. Audi ya Ujerumani ilileta gari la mashindano lenye turbo linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kila mtu alisema, hapa sasa Safari imekwisha. La hasha! Mwaka 1983 Audi ilimaliza ya pili nyuma ya Opel ya Ari Vatanen, iliyovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica, nayo ya magurudumu mawili, ingawa ilikuwa na turbo na farasi zaidi ya 350. Timu hiyo ya Toyota iliongozwa na Ove Andersson, ambaye mwenyewe alikuwa ameshinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot, kwa hiyo tope alilijua kwa mguu wake. Ni mwaka 1987 tu ndipo Mikkola alipoipa Audi ushindi, na tangu hapo magurudumu manne hayakushindwa tena.

Wapo watakaosema: basi hatimaye teknolojia ilishinda. Ndiyo, lakini tazama ni teknolojia ipi. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye upinzani mdogo, yaani lile linaloteleza, na kulinyima lile lililoshika. Ni kama ofisi inayompa posho mtoro. Uvumbuzi wenyewe ulikuwa ni kulizuia difu lisifanye hivyo, na kuigawa kazi kwa magurudumu manne badala ya mawili.

Tukirudi kwetu, Landkruza tunayoiita mkonga, kwa sababu ya lile bomba lake la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, iliwekewa tangu mwaka 1990 injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, yenye farasi kama 130. Lita mara mbili ya Celica ile, farasi karibu theluthi moja. Je, wahandisi walikuwa wavivu? Hapana. Walitaka injini inayovuta ikiwa katika mzunguko wa chini, ili dereva atambae mbugani bila kuchimba. Ni kweli kwamba katika nyanda zetu, zilizo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa. Turbo inarudisha kilichopotea. Tatizo ni kwamba injini hiyo ilijengwa kwa mbano mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1, bila maandalizi ya joto la ziada. Fundi mwenye busara atafunga turbo ya shinikizo dogo na kupima joto la moshi. Fundi wa haraka atafungulia dizeli, gari litaruka wiki mbili, kisha pistoni zitapasuka.

Hata hivyo Landkruza ikifa, hasara ni ya tajiri. Kinachonisumbua mimi ni mchomoko.

Lami ilipofika kati ya Shinyanga na Mwanza, na kati ya Usagara na Geita, na hasa baada ya daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, kufunguliwa mwezi Juni mwaka 2025, ule mwamuzi wetu wa zamani, tope, ameondoka katika barabara kuu. Mbuga ilimlazimisha dereva kwenda pole, lami haimlazimishi. Probox yenye injini ya lita 1.3 au 1.5, iliyoundwa kubeba watu watano, inapewa springi ngumu na kuinuliwa nyuma. Halafu inapakia watu tisa au kumi, wengine wakikunjwa kwenye buti pamoja na mizigo yao, na nguvu iliyobaki inaelekezwa kwenye mwendo.

Magari hayo kwa sehemu kubwa huvutwa na magurudumu ya mbele, kama DKW ya mwaka 1956. Uzito unaorundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma unaiinua pua. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yanabaki yameigusa lami kwa ncha za vidole. Springi mpya hazibadilishi jambo hilo. Zinachofanya ni kuficha, kwa sababu gari halionekani tena limelala chini. Trafiki akitazama kwa mbali anaona gari limesimama wima, na abiria naye anaona hivyo hivyo. Manyunyu ya kwanza ya Oktoba yanapochanganyika na vumbi na mafuta juu ya lami, dereva anageuza usukani na gari linaendelea mbele.

Yule bingwa aliyerukaruka juu ya bampa ya Safari alikuwa juu ya magurudumu yanayovuta. Abiria wa buti la mchomoko amekaa upande usio wake.

Kuna kipimo ambacho abiria anaweza kukifanya mwenyewe jioni kabla ya kupanda, bila kugombana na dereva wala kumwita askari. Gari likishajaa na taa kuwashwa, asogee mbele aangalie mwanga unapiga wapi. Ukipiga barabara, hilo peke yake si hakikisho, kwa kuwa springi ngumu huficha mzigo. Ukimulika matawi ya miembe, ajue pua imeinuka, na asubiri gari linalofuata.