Kiinua Mgongo cha Walinda Msitu

Kabianga haipakani na msitu. Ukitoka hapo kuelekea mashariki utakutana na chai, halafu mji wa Kericho, halafu chai tena, ndipo uufikie ukingo wa Mau Kusini Magharibi. Lakini mito ya nchi hii ya majani mabichi, Kipsonoi, Itare na Kiptiget, chanzo chake ni huko juu. Ikishaungana inakuwa mto Sondu, ambao kabla ya kuingia Ziwa Victoria unazungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 pale Sondu Miriu. Ndiyo maana habari ya askari wa msitu aliyeachishwa kazi haimhusu yeye na familia yake peke yao.

Nchi ya chai inajua maana ya kiinua mgongo. Ni zile pesa anazopewa mtu wa kuinama, siku anayoambiwa kazi imekwisha. Mei 2023, Kericho ilipowaka kwa hasira na mashine za kuchuma chai zilizowapokonya watu kazi zikachomwa moto, ulimwengu ulisikia. Walinda msitu nao walipunguzwa, tena kwa maelfu na kwa awamu, lakini wao walifungasha virago kimya kimya. Hata leo ni vigumu kumpata anayeihesabu hasara yao miongoni mwa hasara za Mau.

Idara ya Misitu iliundwa mwaka 1902, muda mfupi baada ya reli kufika ziwani. Injini za garimoshi zilikuwa zikila kuni usiku na mchana, na serikali ya kikoloni ilitaka mtu wa kuhakikisha kuni haziishi. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa msitu aliwekwa kwa ajili ya reli. Mazingira ni neno la baadaye sana. Kufikia miaka ya 1920, wakati kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilipokuwa zikipanda chai Kericho, na shule ya serikali ya Kabianga ilipofunguliwa mwaka 1925, idara ilikuwa imekwisha kupata mbinu ya kupanda miti kwa gharama ndogo. Mbinu hiyo ilikuwa mfumo wa shamba. Familia ilipewa kipande kilichokatwa miti, ikalima mahindi na viazi, ikapanda miche katikati ya mimea yake na kuipalilia. Miche ikishakuwa mirefu, familia ilihamia kipande kingine.

Familia hizo ziliishi ndani ya msitu, zikiwa na vijiji na shule zao. Katikati ya miaka ya 1970 wafanyakazi hao waliingizwa katika ajira ya kudumu ya serikali. Kwenye vitabu vya hesabu walikuwa vibarua wa kupanda miti, lakini kazi waliyoifanya ilizidi hiyo. Moto ulipozuka, wao ndio waliouona kwanza. Msumeno uliponguruma usiku, wao ndio waliousikia. Askari mwenye bunduki alikuwa mmoja, na macho yaliyomsaidia yalikuwa mamia.

Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, upunguzaji wa kwanza haukuanza na barua za kustaafu. Ulianza mwaka 1987, amri ya rais ilipopiga marufuku kilimo msituni na familia zikatakiwa kutoka. Sababu zilikuwepo: mfumo ulikuwa umeoza, mashamba yalipanuka bila miti kupandwa, na vipande viligawiwa kwa kujuana. Lakini msitu ulipobaki bila watu ulibaki pia bila mashahidi.

Mwaka uliotangulia amri hiyo serikali ilikuwa imeunda Shirika la Nyayo Tea Zones ili kuzungusha ukanda wa chai kwenye kingo za misitu, kusudi mtu asivuke. Wazo lenyewe lilikuwa la kijanja. Mchai hauombi mshahara wala nyumba, na hauhongwi. Hata hivyo, haupigi ripoti, na ili kuupanda ilibidi msitu wenyewe ukatwe ukanda.

Kisha zikaja barua. Mwaka 1993 serikali, ikibanwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilitangaza mageuzi ya utumishi wa umma, na mwaka uliofuata ikafungua mpango wa kustaafu mapema kwa hiari. Mpango huo uliwalenga watu wa ngazi za chini, yaani tarishi, madereva, vibarua na walinzi. Katika wizara nyingi kumwondoa tarishi ni kuondoa kikombe cha chai mezani kwa bosi. Katika Idara ya Misitu watu wa ngazi za chini walikuwa ndio idara yenyewe. Ni wao waliotia mbegu kwenye kitalu, waliofyeka njia ya moto na waliolala kwenye kibanda cha doria. Zaidi ya watumishi 40,000 wa serikali nzima waliondoka katika awamu hiyo, na ajira mpya zikafungwa. Ofisini alibaki afisa wa misitu mwenye diploma ya chuo cha misitu cha Londiani, ramani ukutani na pikipiki isiyo na mafuta.

Awamu ya pili ina kejeli yake. Julai 1999 Rais Moi alimteua Richard Leakey kuwa mkuu wa utumishi wa umma. Huyu ndiye aliyeunda Shirika la Wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiamini kwamba ndovu analindwa na mlinzi aliyelishwa, aliyevishwa na mwenye silaha. Sasa kazi yake ikawa kupunguza. Wizara zilishuka kutoka 27 hadi 15, na mwaka 2000 watumishi zaidi ya 25,000 waliwekwa kwenye orodha ya kuachishwa, safari hii bila neno "hiari".

Oktoba 2001 serikali ikaondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kutoka hifadhi ya msitu. Sisemi jambo moja lilizaa jingine. Ardhi ile ilikatwa kwa kalamu jijini Nairobi, na hakuna askari wa doria ambaye angeizuia kalamu hiyo. Wala sisemi waliobaki walikuwa malaika. Mwaka 2003 Waziri wa Mazingira, Newton Kulundu, aliwasimamisha kazi mamia ya maofisa wa misitu nchini kwa mkupuo mmoja, kwa tuhuma za kula njama na wakata miti. Tuhuma hizo hazikushangaza watu waliokuwa wakiona malori yakipita usiku. Lakini mtu akiachwa peke yake na msitu mzima, mshahara mdogo na jirani tajiri mwenye msumeno, kinachofuata hakihitaji mganga.

Jopo la Mau lililoundwa chini ya Waziri Mkuu Raila Odinga lilipotoa ripoti mwaka 2009, hesabu ilikuwa kwamba zaidi ya hekta 100,000, takriban robo ya Mau yote, zilikuwa zimepotea kwa muda usiofika miongo miwili. Kuzirudisha kulihitaji polisi, helikopta, kufurusha watu na kesi zisizokwisha. Wanafunzi wa uchumi pale Chuo Kikuu cha Kabianga wanaweza kulinganisha bili hiyo na mishahara iliyookolewa mwaka 1994. Mimi naona jibu linajulikana kabla ya kuanza kupiga hesabu.

Sheria ya Misitu ya 2005 ilileta Huduma ya Misitu ya Kenya, iliyoanza kazi Februari 2007, pamoja na vyama vya jamii vya misitu. Wanakijiji waliofukuzwa kama wakazi wakaalikwa tena, mara hii kama washirika, bila mshahara. Upande wa Kericho na Bomet kampuni za chai nazo zilichangia doria na ua, kwa kuwa mvua ndiyo mtaji wao. Mwishowe serikali ilifungua mlango: chini ya mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, walinzi wapya zaidi ya 2,000 waliajiriwa na kupewa mafunzo. Baada ya miaka 30 tulirudi tulipokuwa, na robo ya msitu haipo.

Mchezo huu si wetu peke yetu. Julai 2025 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilitangaza kwamba wafanyakazi wake wangeshuka kutoka 16,155 hadi 12,448, na ofisi yake ya utafiti ikavunjwa. Wao wanapunguza wapima hewa na maji, sisi tulipunguza wapita msituni. Sababu iliyotolewa ni ileile, kuokoa fedha za umma.

Hapa kwetu, Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yabaki 20, na mengine 25 yavunjwe. Tuliambiwa wafanyakazi watahamishiwa idara nyingine. Huenda ikawa hivyo. Msomaji wa Kabianga, Litein au Konoin asingoje orodha ya majina ibandikwe ukutani. Chifu akiitisha baraza, simama uulize mambo mawili tu: kituo cha misitu kilicho karibu nasi kina askari wangapi leo, na wangapi kati yao hupita msituni usiku.