Vitz na Hesabu ya Miaka Minane

Fungua boneti ya Vitz yoyote iliyoegeshwa kwenye maduka ya Spring Valley jijini Nairobi, kando ya Lower Kabete Road, utakuta kibao kidogo cha bati kilichopigwa chapa kiwandani. Kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, herufi na tarakimu zilizoandikwa pale ndizo gari lenyewe: SCP10, KSP90, NSP130. Ukiagiza taa au shokabzoba ya "Vitz" tu, utaulizwa Vitz gani.

Na wana haki ya kuuliza. Vitz ilizinduliwa Japani Januari 1999 kurithi nafasi ya Starlet, gari ambalo Nairobi ilikwisha kulizoea. Aliyelichora gari hili jipya ni Mgiriki, Sotiris Kovos, kwenye studio ya Toyota ya Ulaya. Huko Ulaya liliuzwa kwa jina la Yaris, likatwaa taji la Gari la Mwaka 2000. Australia wakaliita Echo. Lile la saluni, lenye buti iliyochomoza nyuma, Wajapani waliliita Platz, na kizazi cha pili kilipotoka mwaka 2005 likageuka Belta. Lenye paa la juu likawa Funcargo. Kizazi cha tatu kilifuata mwishoni mwa 2010, na hapo kipima mwendo, ambacho awali kilikaa katikati ya dashibodi, kikarudishwa nyuma ya usukani.

Sisi tulishika jina la Kijapani kwa sababu magari yenyewe yametufikia kutoka Japani, yakiwa yametumika. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo, shaken, huwafanya wengi waone heri kuliuza. Huku Kenya, kiwango cha KS 1515 cha shirika la KEBS kinataka usukani uwe kulia na umri wa gari usizidi miaka minane. Kagari kadogo kalikochoshwa na sheria ya Tokyo kakaingia sawasawa katika dirisha lililoachwa na sheria ya Nairobi.

Injini nayo ina siasa zake. Vitz ya lita moja ya kizazi cha kwanza ilikuwa na silinda nne. Iliyofuata, KSP90, ilipewa injini ya Daihatsu ya silinda tatu na cc 996, na mzaha wote tunaousikia kuhusu Vitz unaanzia hapo. Mzaha huo nauona wa uonevu kiasi. Kwa mtu mmoja anayekwenda Westlands na kurudi, silinda tatu zinatosha na mafuta yanabaki. Ibebeshe abiria wanne na mizigo, uipandishe miinuko ya mabonde haya, hapo utatamani ungenunua ya 1.3. RS ya 1.5 nayo haifiki cc 1,500 kamili. Si bahati: Wajapani hutoza kodi ya gari kwa madaraja ya cc, na 1,500 ni mojawapo ya mipaka. Tangu 2019 Kenya nayo hutoza ushuru mkubwa zaidi wa bidhaa kwa magari ya petroli yanayopita hapo hapo.

Kabla ya hapo serikali iliwahi kuwakanyaga wanunuzi wa Vitz vibaya. Desemba 2015 ushuru huo wa asilimia 20 uliondolewa, ukawekwa wa shilingi 200,000 kwa kila gari lililozidi miaka mitatu, liwe Vitz au Prado. Mwenye kuagiza gari kubwa la kuegesha kwenye majumba ya Peponi Road alipata nafuu. Mwalimu aliyekuwa akidunduliza kununua gari lake la kwanza akabebeshwa mzigo. Kelele zilipigwa, na mwaka 2016 asilimia 20 ikarudishwa. Uber ilikuwa imeingia Nairobi mwaka huo huo wa 2015, na teksi za kwenye simu zikazidi kuyapa magari madogo kazi ya mchana na usiku.

Februari 2020 Toyota ililifuta jina la Vitz nchini Japani, na mrithi wake anaitwa Yaris huko nako. Majina ya zamani yakapata wenyewe wapya: Starlet mpya inayouzwa Afrika ni Suzuki Baleno iliyobadilishwa nembo, na Vitz iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2023 ni Suzuki Celerio kutoka India.

Kwa hesabu ya miaka minane, sheria isipobadilika, Vitz ya Kijapani iliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2020 itaruhusiwa kuingia hadi mwisho wa 2027. Kuanzia Januari 2028 zitakazoshuka Mombasa zitakuwa zimeandikwa Yaris, na wenye yadi za Ngong Road watakuwa na kazi ya kumshawishi mnunuzi kwamba ni ukoo ule ule.