Kutoka Skuli ya Kisantu hadi Maabara ya Goma

Kijana wa Bihambwe, katika vilima vya Masisi jirani na machimbo ya koltani ya Rubaya, akitaka kusomea utabibu aghalabu hana budi kuteremka Sake na kuendelea mpaka Goma. Na akitamani zaidi ya kutibu, yaani kuyachunguza maradhi yenyewe na asili yake, hukuta ngazi ambayo vidato vyake vya juu, kwa muda wa zaidi ya kizazi kimoja, vilikatwa kwa kusudi.

Serikali ya Ubelgiji haikuwanyima Wakongomani elimu ya tiba yote. Iliwapa kwa kipimo. Mwaka 1926 wakuu wa Chuo Kikuu cha Louvain walianzisha huko Kisantu taasisi ya tiba iitwayo FOMULAC, na katika miaka ya thelathini zikafunguliwa skuli za wasaidizi wa matabibu, ambazo mwanafunzi wake, baada ya kusoma miaka sita na kuzifahamu kazi nyingi za hospitali, alitoka na cheo cha msaidizi, na msaidizi akabaki, hata angalikuwa hodari kuliko bwana wake. Ama utafiti, huo ulikuwa mbali zaidi. Taasisi ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, ilijijengea makao ya fahari huko Lwiro, karibu na Ziwa Kivu, yenye maktaba na bustani; na utapiamlo wa watoto wa eneo hilo la Bushi ulipochunguzwa humo, wenyeji walikuwa wachunguzwa na vibarua, wala si waandishi wa matokeo. Bendera ya uhuru ilipopandishwa mwaka 1960, nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani, ikabidi Shirika la Afya Duniani lisaidie kuwapeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa wakamilishe masomo yao.

Jean-Jacques Muyembe, aliyezaliwa mwaka 1942, alihitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1969, akaenda Ubelgiji kusomea elimu ya virusi, kisha akarudi. Na kurudi huko, kwa maoni yangu, ndiko kulikogeuza historia hii. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku kutazama homa isiyojulikana, akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, naye aliona kwamba sindano ikitolewa damu haikomi kutiririka mpaka ikamchafua vidole, ambavyo alivinawa kwa sabuni tu. Kirusi cha homa hiyo, yaani Ebola, kilitambuliwa kwenye maabara za ng'ambo, na katika simulizi nyingi za ugunduzi huo jina la Muyembe halikutajwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaokoka. Wataalamu wa ughaibuni walitia shaka, na shaka yao haikuwa bila sababu, kwa kuwa idadi ilikuwa ndogo. Lakini ni kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit ndipo ilipotengenezwa dawa ya mAb114, iliyojaribiwa Kivu Kaskazini katika mlipuko ulioanza Agosti 2018, ambao mwaka uliofuata ulifika hata Pinga, wilayani Walikale. Jaribio hilo lilihusu wagonjwa 681. Wakati huo huo kundi la INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, akiwamo Placide Mbala-Kingebeni, lilisoma jeni za kirusi huko huko Katwa, karibu na Butembo, bila kungoja jibu la Ulaya. Naye Muyembe akaweka sharti kwamba damu ya Kongo ichunguzwe Kongo.

Baadaye INRB ikapata maabara Goma kwenyewe, na hapo mwanafunzi wa vilima aliweza walau kukiona kidato cha juu kwa macho. (Madini ya Rubaya yametangulia: yamo ndani ya vifaa vya elektroniki dunia nzima, ilhali wana wa machimbo hayo wangali wanatafuta karo.) Lakini Masisi ilikuwa imekwisha kuwa uwanja wa vita, Bihambwe ikiwamo, na mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma. Shirika la Msalaba Mwekundu likaonya kwamba umeme ukikatika, sampuli za maabara hiyo, zikiwamo za Ebola, zitakuwa hatarini. Na waliopaswa kuzilinda ni wale wale ambao babu zao hawakuruhusiwa kuitwa madaktari.