Wimbo wa mwalimu Sontonga uliovuka Tunduma

Januari 21, 2024, Tanzania na Zambia zilikutana San Pedro, Ivory Coast, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Kabla ya mpira kuanza, tuni moja ilipigwa mara mbili, kila timu na maneno yake. Kwa mkazi wa Tunduma hilo si la kushangaza. Akivuka barabara tu yuko Nakonde, Zambia, na watoto wa shule wa pande zote mbili huimba wimbo wa taifa kwa tuni ileile.

Wimbo kurudiwa hadi ukamfunika aliyeutoa kwanza ni hadithi ya zamani katika muziki wa Afrika. Solomon Linda alirekodi Mbube huko Johannesburg mwaka 1939. Mwaka 1961 vijana wa New York, The Tokens, wakautoa kwa jina jingine ukashika namba moja Marekani, ilhali Linda alifariki maskini mwaka uliofuata. Malaika, Afrika Mashariki iliusikia kwa Fadhili William. Dunia ikausikia kwa Miriam Makeba. Lakini hakuna uliosafiri mbali na mwenyewe kama huu tunaousimamia wima.

Mwenyewe ni Enoch Sontonga, Mxhosa wa Eastern Cape, aliyefundisha shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg na kuongoza kwaya. Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake ubeti mmoja na kiitikio, Nkosi Sikelel' iAfrika, akauandika kwa nota za do-re-mi. Ni nota hizohizo ambazo walimu wa kwaya Rungwe na Iringa wanazitumia hadi leo kugawa sauti nne. Alifariki mwaka 1905, angali kijana, bila kuacha rekodi hata moja.

Wengine wakaupokea. Januari 8, 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano uliokizaa chama cha ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba, zikachapishwa 1927. Desemba 9, 1961, Tanganyika ikawa nchi huru ya kwanza kuufanya wimbo wake wa taifa, tena kwa Kiswahili.

Mwezi mmoja tu baadaye, ndege ndogo ilitua Mbeya ikiwa na Nelson Mandela, aliyetoka kwao kwa siri. Kwenye hoteli ya mjini aliwakuta weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza, jambo ambalo kwao lisingewezekana. Baadaye aliandika kwamba hapo ndipo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza maishani. Chama chake, ANC, kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1960, na wimbo wa chama hicho ndio uliokuwa wimbo wa taifa wa nchi iliyompokea. Mbeya haijalitangaza tukio hilo vya kutosha. Wapigania uhuru wengine walikuja kwa barabara, Tunduma, Mbeya, Iringa, wakielekea Dar es Salaam.

Kwangu mimi, Mungu Ibariki Afrika ndilo toleo lililofaulu kuliko yote, likiwemo la mwenyewe. Zambia ilibaki na tuni, lakini tangu 1973 maneno yake yanaisifu Zambia. Namibia iliutumia kwa muda mfupi baada ya uhuru wa 1990, na Zimbabwe ikauacha mwaka 1994. Afrika Kusini yenyewe, tangu 1997, imeuunganisha na wimbo wa taifa wa enzi ya ubaguzi. Sontonga aliiombea Afrika bila kutaja mpaka wowote, na sisi tumeutunza ubeti wa kwanza hivyohivyo: bara zima kwanza, nchi yetu baadaye. Tulichobadili mwaka 1964 ni jina la nchi katika ubeti wa pili.

Kaburi la Sontonga lilisahaulika kwa miaka mingi, hadi lilipotambuliwa katika makaburi ya Braamfontein na kutangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Huku kwetu watu wengi wanaujua wimbo wake kwa moyo lakini hawajui kwamba aliwahi kuishi. Walimu wa shule na wa kwaya wa Mbeya na Iringa, mnapowafundisha watoto wimbo huu, waandikieni ubaoni pia jina la Enoch Sontonga na mwaka 1897.